Ajali Nyingine Zina Kinga

Watu wengi wakisikia ya kuwa mtu fulani ameumia dukani, hotelini au katika nyumba ya kupanga, husema, "Ajali haina kinga," na maneno huishia hapo. Methali hiyo ni ya kweli kwa ajali nyingi. Mti mzima ukipigwa na radi na kumwangukia mpita njia, hakuna wa kulaumiwa. Lakini shimo lililoachwa wazi si radi. Yuko mtu aliyelichimba, na yuko mtu aliyelipita kila siku asilifunike. Sheria, kabla ya kuikubali methali ile, huuliza kwanza swali moja: Je, kinga haikuwapo kweli, au ilikuwapo na mtu akapuuza kuiweka?

Somo hili laeleza jinsi sheria inavyolijibu swali hilo, na jinsi ajali moja iwezavyo kufika kortini kwa njia mbili tofauti. Asiyezijua njia hizo mbili aweza kukosa haki yake, ijapokuwa mkosaji amekwisha kuhukumiwa mbele ya macho yake.

MFANO WA MWUZA MAZIWA

Na uchukuliwe mfano wa mama mmoja apelekaye maziwa kila alfajiri katika hoteli ndogo ya mjini. Nyuma ya hoteli, karibu na mlango wa jikoni, mwenye hoteli amechimba shimo la maji machafu, akalifunika kwa bati lililoliwa na kutu. Hakuweka ua wala taa, wala hakumwonya mtu. Siku moja mama yule alikanyaga bati lile, likavunjika, akatumbukia na kuvunjika mguu. Akalazwa hospitali wiki sita. Ng'ombe mmoja akauzwa ili kulipia matibabu, na wateja wa maziwa wakajitafutia mwuzaji mwingine.

Bwana Afya alipopata habari, alikwenda akaliona shimo, na mwenye hoteli akashtakiwa. Korti ikamtoza faini ya shilingi 20,000. Mama yule na mumewe, waliokuwa wameketi nyuma ya chumba cha korti, walifurahi sana. Wakamwendea karani kumwuliza watapewa lini fedha zile. Karani akawajibu ya kuwa faini ni mali ya Serikali, nao hawana hata senti moja ndani yake. Wakarudi nyumbani wakisema kwamba korti imekula haki yao.

Mfano huu ni wa kutungwa, lakini malalamiko ya namna hiyo husikika mara nyingi. Watu hawa walibisha mlango mmoja, wakadhani nyumba haina mlango mwingine.

MLANGO WA KWANZA: KESI YA JINAI

Kesi ya jinai ni shauri baina ya Jamhuri na mtu anayeshtakiwa kuwa amevunja sheria. Aliyeumizwa huitwa kutoa ushahidi, lakini kesi si yake. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kazi ya kuendesha mashtaka imewekwa mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na hata yeye hawezi kuikatiza kesi pasipo ruhusa ya korti.

Mshtakiwa katika kesi ya jinai aweza kupoteza uhuru wake. Kwa sababu hii Katiba yaamuru ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka kosa lithibitishwe, na uthibitisho huo lazima uwe wa nguvu, usioacha shaka yoyote ya maana. Hakimu akiona shaka ya namna hiyo, humwachilia mshtakiwa. Akimwona ana hatia, humpa adhabu, kama vile kifungo au faini. Faini huingia katika hazina ya Serikali, kwa kuwa ni adhabu ya kuvunja sheria ya watu wote.

Yafaa pia ijulikane ya kuwa korti ya jinai ina uwezo wa kumwamuru aliyepatikana na hatia amlipe aliyemdhuru. Lakini hakimu halazimishwi kuutumia uwezo huo, tena hasara yenyewe lazima iwe imedhihirika katika ushahidi uliotolewa mbele yake. Kwa hiyo mwenye busara hautegemei peke yake.

MLANGO WA PILI: KESI YA MADAI

Kesi ya madai ni shauri baina ya mtu na mtu. Aliyedhurika huitwa mdai, na anayelaumiwa huitwa mdaiwa. Hapa polisi hawafungui kesi, wala Bwana Afya haifungui. Mdai asipoifungua yeye mwenyewe au kwa wakili wake, hakuna atakayemfungulia. Akishinda, mdaiwa hafungwi kwa kosa lile, bali huamriwa kulipa fidia, na fidia hiyo ni mali ya mdai.

Kipimo cha ushahidi pia ni kingine. Katika madai, korti hufanya kama mwuza duka atazamaye mizani: upande unaoelekea zaidi kuwa kweli, hata kwa uzito mdogo, ndio ushindao. Ndiyo maana mtu aweza kushinda kesi ya jinai na kushindwa katika kesi ya madai juu ya jambo lile lile. Jambo hili lilionekana wazi katika Marekani. Mwaka 1995 mchezaji mashuhuri wa mpira, O. J. Simpson, aliachiliwa katika kesi ya kuwaua watu wawili. Mwaka 1997 baraza jingine la wazee wa korti, likisikiliza madai ya jamaa za marehemu, lilimwona kuwa ndiye aliyesababisha vifo vile, na jumla ya fidia ikawa dola milioni 33.5. Mabaraza yale mawili hayakutumia kipimo kimoja.

Basi mshtakiwa akiachiliwa, aliyeumia asikate tamaa. Na mshtakiwa akipatikana na hatia, aliyeumia amepata silaha. Kwa Sheria ya Ushahidi ya Kenya, hukumu ya jinai ikiisha kuwa ya mwisho, yaani rufani imeshindwa au muda wake umepita, huhesabiwa kuwa thibitisho kamili ya kwamba mtu yule alitenda kosa lile. Faini ile ya shilingi 20,000 haikumpa mwuza maziwa fedha, lakini nakala ya hukumu ile ingaliweza kumsaidia sana mbele ya korti ya madai. Wala hakupaswa kungoja kesi ya kwanza iishe, maana kesi zote mbili zaweza kuendelea wakati mmoja.

WAJIBU WA MWENYE KUKALIA MAHALI

Madai ya mama yule yangesimama juu ya msingi gani? Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1866, katika mji wa London, korti ilisikiliza shauri la fundi wa gesi aliyekwenda kufanya kazi katika kiwanda cha kusafishia sukari. Katika sakafu ya orofa ya juu palikuwa na tundu la kupandishia na kuteremshia sukari, wala halikuzungushiwa ua. Fundi akaanguka ndani yake. Majaji walisema ya kuwa mtu aingiaye mahali kwa shughuli halali, naye akijiangalia ipasavyo, ana haki ya kutumaini kwamba mwenye mahali atamkinga na hatari isiyo ya kawaida, ambayo mwenye mahali aijua au alipaswa kuijua.

Bunge la Uingereza likatunga sheria juu ya jambo hilo mwaka 1957, na Kenya ina sheria ya mfano ule ule katika Sura ya 34 ya Sheria za Kenya. Mambo yake makubwa ni haya:

Kwanza, anayewajibika ni yule aliye na mamlaka juu ya mahali, si lazima awe mwenye kiwanja. Aliyepanga duka na kulifungua kila asubuhi awajibika kwa sakafu yake, hata kama jengo ni la mtu mwingine.

Pili, wajibu wake ni kuchukua hadhari ipasayo ili mgeni awe salama kwa shughuli aliyojia. Sheria haimdai afanye yasiyowezekana.

Tatu, kibao cha onyo hakitoshi kila mara. Onyo humwokoa mwenye mahali likiwa la kutosha kumfanya mgeni awe salama. Kibao chenye maandishi kina faida gani gizani, au kwa mtu asiyejua kusoma?

Nne, watoto huhitaji hadhari zaidi, kwa sababu mtoto hana akili ya mtu mzima. Zamani majaji wakuu wa Uingereza walilitazama shauri la mtoto wa miaka saba aliyekula matunda ya sumu katika bustani ya halmashauri ya mji wa Glasgow, akafa. Matunda yale yalivutia macho, na baba yake alilalamika kwamba hapakuwa na ua wala onyo la kueleweka na watoto. Halmashauri ilijitetea kwamba mtoto hakuwa na ruhusa ya kuchuma. Majaji waliukataa utetezi huo, wakasema madai ya baba yasikilizwe.

Tano, fundi aliyeitwa kwa kazi yake hutazamiwa kuzijua hatari za kazi hiyo. Fundi wa umeme hawezi kulalamika ya kuwa hakuambiwa kwamba waya huua.

Aingiaye bila ruhusa hana haki sawa na mgeni. Hata hivyo, si halali kumtegea mtego wa kumdhuru. Mwaka 1828 korti ya Uingereza ilimpa fidia kijana aliyeruka ukuta wa bustani ya maua akimfuata tausi aliyepotea, akapigwa na bunduki iliyotegwa mle pasipo onyo.

Tena, aliyeumia akiwa na sehemu ya kosa, fidia yake hupunguzwa. Ikiwa hasara yote ni shilingi 200,000, na korti yaona kwamba robo ya kosa ni yake kwa kuwa alikimbia gizani bila kutazama, atapata shilingi 150,000.

Wajibu hauishii katika mpaka wa shamba. Mwaka 1868, katika shauri la bwawa lililoingiza maji katika machimbo ya makaa ya jirani, majaji wakuu wa Uingereza walisema kwamba akusanyaye katika ardhi yake kitu kiwezacho kuleta madhara kikitoroka, hukiweka kwa hatari yake mwenyewe. Watu wa Kenya waliyaona madhara ya namna hiyo mwezi wa Mei, 2018, bwawa la shamba moja lilipopasuka usiku huko Solai, Nakuru, na watu zaidi ya 40 wakafa. Huko nako milango yote miwili ilibishwa: mashtaka ya kuua bila kukusudia yalifunguliwa, na wakazi nao wakadai fidia.

MUDA NA KARATASI

Haki ya madai huoza kama tunda lisipochumwa kwa wakati. Katika Kenya, madai ya kudhuriwa mwili kwa uzembe wa mtu lazima yafunguliwe kabla ya miaka mitatu kwisha. Ikiwa mdaiwa ni Serikali, muda ni miezi kumi na miwili tu. Wengi huupoteza muda huo wakingoja ahadi za mdomo.

Methali nyingine yasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Aliyeumia na aweke stakabadhi zote za dawa, za hospitali na za nauli, kwa kuwa gharama zilizokwisha kulipwa lazima zitajwe moja moja na kuthibitishwa. Maumivu hayana stakabadhi, na hayo korti huyapima yenyewe. Na apate barua ya daktari, picha ya mahali kabla shimo halijafukiwa, na majina ya walioona.

Kupatana mbele ya wazee ni jambo jema, na Katiba yaikubali njia hiyo. Lakini mtu asitie sahihi wala dole gumba katika karatasi asiyoielewa. Mara nyingine mbuzi mmoja na shilingi elfu mbili huletwa pamoja na karatasi isemayo kwamba mambo yote yamekwisha, na mguu bado haujapona. Asiye na fedha za wakili aweza kuuliza msaada katika Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Sheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Na mwenye duka, hoteli au nyumba ya kupanga naye ana funzo lake. Mbao nne na misumari ya kufunikia shimo ni gharama ndogo kuliko faini, na faini ni ndogo kuliko fidia. Na azunguke mahali pake leo, atazame ngazi, sakafu, visima na nyaya, kwa macho ya mtu afikaye pale kwa mara ya kwanza, tena usiku.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mwuza maziwa hakupewa fedha za faini?
2. Hukumu ya jinai ingalimsaidiaje katika kesi ya madai?
3. Mpangaji wa duka aweza kuwajibika kwa jengo lisilo lake? Kwa sababu gani?
4. Mtu aliyeumia miaka miwili iliyopita katika nyumba ya mtu binafsi amebakiwa na muda gani? Na kama angaliumia katika jengo la Serikali?