Rafiki wa mchoraji: somo kutoka Hangar ya Elisabethville



Bwana Prefe aliniomba niandike somo juu ya sanaa, sababu mimi njo nachoraka picha za gazeti letu kwenye stensili. Nilikubali mbio. Lakini kusema kweli kuna neno lingine lililonisukuma, nitalieleza mbele kidogo. Kwanza twende Lubumbashi.

Katika mwaka 1946 mji ule ulikuwa ukiitwa bado Elisabethville, mji wa shaba, chini ya serikali ya Wabelgiji. Hapo alikaa Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés. Alizaliwa mwaka 1887, zamani alikuwa ofisa wa jeshi la majini, na mwenyewe alijua kuchora kwa rangi. Hakuwa kijana tena, alikuwa na miaka kama 59. Akafungua nyumba ya kazi kwa wachoraji Wakongo, na watu wakazoea kuiita Hangar.

Sasa angalieni ginsi alivyofundisha, maana hapo njo kuna somo. Hakuweka mbele yao tablo ya Ulaya wapate kuifuatisha. Hakuwafundisha ile kanuni ya kufanya vitu vya mbali vionekane vidogo na vya karibu vionekane vikubwa. Hakushika mkono wa mtu. Aliwapa vyombo vya kazi, aliwapa mahali pa kutulia, na akawaambia watafute ndani ya mambo waliyoyaona na kuyakumbuka wao wenyewe. Mtu wa kalasi anaweza kusema: basi huyu hakufanya kitu! Mimi pia niliwaza vile mara ya kwanza. Lakini jaribuni siku moja kukaa karibu na mwenzenu anayechora, nanyi mnajua kuchora kuliko yeye, na msiguse kalamu yake hata kidogo. Mtaona kama ni kazi nyepesi.

Tuwaangalie watu watatu wa Hangar.

Wa kwanza ni Bela. Alikuwa mtu wa kabila la Sara, wa upande wa Tchad, tena alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Desfossés. Inasimuliwa kwamba alikuwa akimwangalia bwana wake akichora, na mwishoni naye akajaribu. Hakutumia burashi. Alichovya vidole katika rangi, akagonga karatasi kwa ncha za vidole, alama moja, alama nyingine, mpaka miti na watu na nyama wa pori wakatokea. Mwalimu mwingine angesema: Bela, usichafue vidole, shika burashi kama watu. Huyu hakumwambia hivyo, na vidole vya Bela vikawa njia yake.

Wa pili ni Pilipili Mulongoy. Yeye alipenda samaki, ndege, nyoka, mamba. Mara nyingi nyama mmoja anamkamata mwingine, au ndege mama analisha watoto. Mwenye kuona tablo yake anashangaa kwanza kwa sababu hakuna mahali patupu. Nyuma ya samaki kuna vidoto, vidoto, vidoto, na majani yaliyopangwa sawasawa kama mtu aliyepanda mbegu shambani kwa kamba. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa. Mimi nilijaribu kujaza ukurasa mmoja tu wa kaye kwa vidoto, nilichoka kabla sijafika katikati, na vidoto vyangu vya mwisho vilikuwa vinakimbia kama mbuzi.

Wa tatu ni Mwenze Kibwanga. Huyu hachori kwa vidoto, anachora kwa mistari mifupi mifupi inayolala pamoja, kama nyuzi za kitambaa. Shauri lake ni la ajabu. Mistari ya udongo inaelekea upande mmoja, mistari ya mwili wa nyama inageuka na kufuata mgongo, shingo, paja. Kwa hiyo unamwona nyama kwa sababu ya mistari inayogeuka. Waliopenda kuchora kati yenu, jaribuni hii kwa kalamu ya kawaida: chora ng'ombe bila kuzunguka mwili wake na mstari, tumia mistari mifupi tu. Ni mazoezi mazuri kuliko kufuatisha picha ya kalenda.

Nimekaa muda mrefu juu ya hawa watatu kwa kusudi. Vidole, vidoto, mistari. Walifanya kazi kwa mkubwa mmoja, na hakuna anayefanana na mwenzake, wala hakuna aliyechukua mkono wa mkubwa wao. Sisi huku, mwalimu akichora mgomba mmoja ubaoni, kesho kalasi nzima ina migomba 40 yenye majani saba na ndizi upande wa kuume. Sisemi hivyo kwa kuwadharau walimu wetu. Ubao una kazi yake, na mtu wa hesabu hawezi kubuni hesabu zake mwenyewe! Lakini katika kuchora, mkubwa akiweka mkono wake mbele, mdogo anauchukua, na wake anauacha.

Ngambo ya mto, Brazzaville, jambo karibu sawasawa lilifanyika mwaka 1951, pale Mfaransa mwingine, Pierre Lods, alipofungua nyumba ya wachoraji katika mtaa wa Poto-Poto. Sitakawia huko.

Sasa upande wa pili, maana somo lenye upande mmoja ni tangazo la duka. Desfossés aliwahesabu wale wachoraji kama watoto wake. Pilipili alizaliwa mwaka 1914. Hangar ilipofunguliwa alikuwa na miaka 32! Mtu wa miaka 32 kwetu ni baba wa watu, anakaa na wazee na kusemea jamaa. Ndiyo mambo ya wakati ule wa ukoloni, mtu mweusi hakomai hata awe na mvi. Tena lile shauri la kutowaonyesha picha za Ulaya lina sumu ndani yake. Yeye mwenyewe alikuwa ameziona zote, kisha akaamua kwa ajili ya wengine kwamba afadhali wasizione, wapate kubaki "Waafrika wa kweli". Nani alimpa kipimo cha Mwafrika wa kweli? Mwandishi wetu V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, alizungumza juu ya Hangar hii katika kitabu kilichotoka mwaka 1994, na hakumfanya Desfossés kuwa malaika. Na Bela je? Mtumishi anaweza kuwa rafiki kabisa wa mtu anayemlipa mshahara? Nimewauliza wenzangu wa kalasi ya mwisho, tuligawanyika, na kelele zilifika hata kwa mlinzi.

Mimi nafikiri urafiki ulikuwapo, lakini ulikuwa na mlango unaofungwa upande mmoja. Mema yake yalikuwa kuacha mkono wa mtu huru. Ubaya wake ulikuwa kutoacha macho yake huru. Rafiki wa kweli angesema: picha za Ulaya ni hizi, za Misri ni hizi, vinyago vya babu zako ni hivi, angalia vyote, kisha chora unavyotaka.

Desfossés alikufa mwaka 1954. Hangar haikuendelea peke yake, iliunganishwa na Académie des Beaux-Arts ambayo Laurent Moonens alikuwa ameianzisha mjini mwaka 1951, ambako masomo ya kuchora yalipangwa kama shule. Hapo Pilipili na Mwenze wakawa walimu. Mwenze aliishi mpaka 1999, Pilipili mpaka 2007. Hesabuni: Pilipili alibaki duniani miaka 53 baada ya mkubwa wake kufa, na watu waliendelea kumjua kwa samaki wale wale na vidoto vile vile. Kama ingekuwa njia ya kuazima, ingeisha pamoja na mwenye kuiazimisha.

Sasa lile neno langu.

Mwaka jana mdogo mmoja wa kalasi za chini, sitamtaja, alikuwa akiniletea picha zake kila juma. Anatoka kando ya ziwa, na anachora uvuvi. Siku moja nilikuwa natafuta picha ya jalada la gazeti. Alileta mtumbwi wenye watu wawili, na chini yake sangala mkubwa kuliko mtumbwi wenyewe. Nilicheka. Nikamwambia, samaki wa hivi hakuna. Nikachukua kalamu, nikachora upya juu ya kazi yake: samaki nikampunguza, mtumbwi nikaunyoosha, watu nikawapa miguu ya vipimo. Nilifurahi sana, nikamwonyesha. Aliangalia, akasema polepole: "Sasa ni yako, yaya."

Jalada lilitoka, mkasifu. Mlinisifu mimi. Mdogo hakuleta picha tena, si juma lile, si mwezi ule. Mimi sikuona kitu. Niliwaza ameshikwa na mitihani. Ni wakati nilipokuwa nasoma habari za Bela na vidole vyake njo nilimkumbuka na nikasikia haya. Mimi ni kapita, kila siku nasahihisha: shati halikuingizwa, mstari si sawa, usafi haukufanyika. Nilisahihisha na samaki.

Nilimtafuta mwezi uliopita. Kwanza alisimama kama mtu aliyeitwa kwa azabu. Nikamwomba msamaha, akaangalia chini. Kisha nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza mwaka jana: kwa nini samaki yule alikuwa mkubwa vile? Akaeleza kwa muda mrefu. Usiku babu yake alikuwa akivua, anasikia kitu kikipita chini ya mtumbwi, mtumbwi unainuka kidogo, na hakuna anayesema neno mpaka kipite. Hakuna aliyekiona. Basi ungekichora ukubwa gani, wewe unayesoma?

Bado hajarudi kama zamani. Alileta picha moja, akaiweka mezani na kuondoka bila kungoja. Jalada la gazeti hili ni lake, alikwaruza stensili mwenyewe kwa kalamu yangu ya chuma. Mahali pamoja pamepasuka na wino umepita, msilaumu mashini. Mimi nilikaa kando, mikono chini ya meza.

Wanaopenda kuchora waje kila siku ya Posho baada ya masomo, kalasi ya mwisho kabisa karibu na bomba la maji. Leteni karatasi zenu, hata za upande mmoja, na kalamu. Kuna burashi mbili tu na rangi ni kidogo. Nimepata pia picha chache za vinyago vya Baluba na za wachoraji wa nchi mbalimbali, zitakuwa mezani kwa kila mtu kuziangalia.