Niache ngumi za ridhaa nianze za kulipwa?

Swali: Nina miaka 22, kilo 63, napigana ngumi za ridhaa hapa Moshi. Kila alfajiri nakimbia kupanda Kibosho, pumzi ninayo. Promota ananiita Dar nikacheze pambano la kulipwa la raundi 6. Niende?

Jibu: Mlima unakupa pumzi, lakini haukufundishi kuigawa. Ridhaa ni raundi 3 za dakika 3: unarusha mfululizo, majaji wanatoa alama, unashuka. Ukienda hivyo kwenye raundi 6, ya nne itakukuta mikono iko kiunoni. Glavu nazo zinapungua, kwa uzito wako kutoka aunsi 10 hadi 8. Ile ngumi ya ini uliyozoea kuimeza utaisikia mpaka mgongoni.

Tena, bondia wa kulipwa hujengwa polepole. Mwaka 1970 bondia wetu Titus Simba alipata medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, baada ya kushindwa fainali na Mwingereza John Conteh. Conteh akaingia ngumi za kulipwa mwaka uliofuata. Ubingwa wa dunia aliupata 1974. Miaka yote hiyo katikati alikuwa anajengwa, pambano kwa pambano. (Vijana wetu wengi hutupwa tu ulingoni kujaza ratiba.)

Kabla ya kupanda basi, dai mkataba wa maandishi: malipo, mpinzani, uzito, na nani atagharamia matibabu ukiumia. Leseni na vipimo vya daktari usivikwepe.

Mwombe promota raundi 4. Akikataa, baki Moshi.