Nafagia zahanati, lakini mengine yote nayabeba mimi

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mfanya usafi wa zahanati ya kijiji huku Shinyanga, mwaka wa nane sasa. Saa 12 asubuhi nimeshadeki na kusoma kipimajoto cha friji ya chanjo. Nesi ni mgeni, hajui Kisukuma, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Mganga akienda semina, wagonjwa wananiuliza mimi. Juzi foleni ilikuwa ndefu, nesi akaniomba nichome sindano. Posho yangu hutoka kwenye makusanyo ya zahanati, miezi mingine haiji. Mume wangu anasema nanyonywa. Kazi naipenda, na nikiondoka watataabika. Nifanyeje?
Mama K.

Marahaba mwanangu. Mumeo hajakosea, ila wingi wa kazi si tatizo lako kubwa. Tatizo ni kwamba kazi hizo hazimo kwenye karatasi yoyote. Chanjo zikiharibika utaulizwa wewe. Siku ya malipo utaitwa mfagizi.

Tuanze na sindano: kataa. Mwambie nesi kwa heshima, "Dada, hilo sikulisomea." Dawa nazo usigawe, hata foleni ifike barabarani. Mgonjwa akidhurika, hakuna atakayesema alikutuma.

Pia usiidharau kazi uliyoajiriwa kuifanya. Kuchanganya sehemu moja ya klorini ya asilimia 3.5 na sehemu sita za maji ili upate ya asilimia 0.5, kuondoa boksi la sindano likijaa robo tatu, kutenganisha taka: huko ndiko kuzuia maambukizi, na mama anayejifungua hapo anakutegemea kama anavyomtegemea mkunga. Basi dai glavu nzito, mabuti na chanjo ya homa ya ini B. Ukichomwa na sindano iliyotumika, toa taarifa papo hapo. Dawa za kukinga VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa inapunguza kinga.

Sasa chukua daftari. Mwezi mzima andika saa ya kuingia, ya kutoka, na kila ulichofanya nje ya usafi. Kisha mwone mganga mfawidhi faraghani, bila ugomvi, umwombe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa haki hiyo. Inaweka pia kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na zinazozidi hulipwa angalau mara moja na nusu. Akikaa kimya, nenda kwenye kamati ya usimamizi ya zahanati. Wanakijiji wenzako wamo humo, na mipango ya matumizi ya makusanyo hupita mikononi mwao.

Na kama moyo wako uko kwa wagonjwa, tafuta cheti. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa Januari 2024, na mafunzo yake ni ya miezi 6. Mwulize mtendaji wa kijiji sifa zinazotakiwa.

Zahanati isiyoweza kusimama bila wewe inapaswa kukulipa kwa wakati. Usiache kazi mwezi huu, mwanangu, lakini mwaka wa tisa usikukute bila karatasi.