Siku ya Wazazi: Tuache Nini Makaburini?

Somo letu la mara hii ni juu ya sikukuu.

Kila mwaka tarehe 1 Agosti inchi yetu ya Kongo inapumzika kazi. Asubuhi jamaa wanaenda makaburini. Wanalima majani, wanafagia, wanaweka maua. Mchana wanarudi nyumbani kuwaheshimu baba na mama walio hai, na wote wanakula pamoja. Asubuhi ni ya wafu, mchana ni wa wazima. Hayo tunayajua sote, toka Kasongo mpaka Kabambare.

Lakini tutazame siku ya pili yake. Tarehe 2 Agosti inabaki nini? Makaburini kunabaki maua ya plastiki na sashe. Nyuma ya nyumba kunabaki sashe zingine. Na katika nyumba zingine kunabaki deni, juu ya kikwembe kipya kilichochukuliwa dukani, na feza ya masomo imekwisha kuliwa. Basi ulizo letu ni hili: tuwakumbuke wetu namna gani, bila kuwaachia wafu takataka na wazima deni?

1. Wengine wanafanyaje?

Katika Ulaya na Marekani kuna sikukuu inayoitwa Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba, kesho yake ikiwa siku ya Watakatifu Wote. (Sisi Waprotestanti tunaikumbuka tarehe hiyo kwa neno lingine: mwaka 1517 Martin Luther alitoa maneno yake 95 kule Wittenberg.) Mizizi yake iko Ireland na inchi za jirani, kwa watu wa kale waliofikiri kwamba usiku ule wafu wanakaribia wazima. Walitoboa kiazi fulani cha shamba na kutia taa ndani. Watu wa Ireland walipohamia Marekani walikuta maboga, makubwa na mepesi kutoboa, wakayatumia. Watoto wanavaa mavazi ya kuchekesha na ya kutisha, wanapita mlango kwa mlango kuomba pipi.

Hatukuandika somo hili kusudi mufanye Halloween. Tunataka mujifunze kwa yaliyowapata wenzetu. Zamani mavazi yale yalishonwa nyumbani kwa nguo kuukuu. Leo yananunuliwa. Mwaka 2019 kule Uingereza, Hubbub na Fairyland Trust walichungua mavazi 324 ya Halloween yaliyouzwa madukani. Walikuta kwamba 83 kwa mia ya vitu vilivyoyatengeneza ni plastiki. Vazi la usiku mmoja, na takataka ya miaka mingi! Ndiyo maana sasa jamaa nyingi kule zinarudia nguo za zamani, na boga wanalila badala ya kulitupa.

2. Plastiki ina ubaya gani?

Jani la mgomba likianguka, wadudu na mvua wanalimaliza, linageuka udongo. Plastiki haiozi vile. Inakatika vipande vidogo tu. Mbuzi akimeza sashe anaweza kufa. Sashe ikiziba mfereji, maji yanasimama na mbu wanazaa. Mukiichoma, moshi wake ni sumu.

Tupige hesabu kwa mfano. Darasa lina wanafunzi 40. Kila jamaa ikitumia sashe 10 siku ya sikukuu, ni sashe 400. Hiyo ni darasa moja na siku moja. Sasa muhesabu masomo yote ya mji wenu.

Serikali yetu ilikwisha kukataza mifuko na sashe za plastiki kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Kenya 2017, na Tanzania bara ilifuata 2019. Lakini amri haishiki ufagio. Ufagio uko mikononi mwetu.

3. Mavazi

Mababu zetu hawakungoja duka. David Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko kubwa, wanawake wakileta samaki, mihogo, kuku na vyungu. Katika inchi hii watu walifuma nguo za rafia, zilizoitwa viramba, na nguo hizo zilikuwa pia kama feza ya kununulia vitu. Jani changa la rafia linachunwa, ngozi yake inakaushwa juani, nyuzi zinafumwa.

Leo si kila mtu anajua kufuma. Lakini sherti tuulize wazee wanaojua, kabla hawajaondoka na kazi yao. Kwa wakati huu tufanye hivi: kikwembe cha mwaka jana kifuliwe na kupigwa pasi. Hakuna mzazi aliyekufa anayehesabu vikwembe vyetu. Kama jamaa inapenda kuvaa namna moja, kila mtu ajifunge mkononi au kichwani utepe uliokatwa katika kikwembe kimoja cha zamani. Kitambaa cheupe munaweza kukitia rangi kwa kukichemsha na manjano.

Watoto wanaotaka kucheza maigizo wajitengenezee kofia na mikanda ya majani makavu ya migomba. Wakae mbali na moto, juu majani hayo yanawaka upesi. Neno moja la heshima: majirani zetu Walega wa upande wa Pangi wana vinyago vya bwami, vidogo, vya mti au pembe, vingine na ndevu za nyuzi. Vinyago hivyo vilifundisha mezali na tabia njema, na kila kimoja kilionyesha cheo cha mwenye nacho. Serikali ya Wabelgiji ilikataza bwami mwaka 1948. Tusiviige kwa mchezo. Kitu ambacho wakubwa walipewa kwa kustahili, mtoto hakivai kwa kuchekesha.

4. Kazi ya mikono: shada la maua

Vitu: ufito wa mwanzi au mtambaa wa pori, mita moja, kamba za mgomba, majani mabichi, maua ya kwenu.

Kazi: (a) Lowesha kamba katika maji zilainike. (b) Pinda ufito uwe duara, ufunge. (c) Zungusha majani mpaka ufito usionekane. (d) Chomeka maua asubuhi ile ile, yasinyauke.

Shada hili litakauka kwa siku chache. Usihuzunike. Maua ya plastiki yanadumu kwa sababu hayakuwa hai hata siku moja. Haya yako yanakauka, na mwaka ujao sherti urudi na mengine. Kurudi ndiyo kukumbuka.

Tena, Agosti ni kiangazi. Musisafishe makaburi kwa kuwasha moto. Upepo unaupeleka porini, hata kwenye nyumba. Tumieni jembe na panga.

5. Chakula

Wali wa mashamba yetu, sombe na karanga, bugali, samaki wa Lualaba, kuku: hakuna kinachohitaji sashe. Samaki mufungie katika jani la mgomba. Kwanza lipitishe juu ya moto kidogo, lilainike lisipasuke; kisha tia samaki, chumvi, pilipili na mafuta ya mawese, ufunge na kamba ya mgomba, uweke juu ya makaa. Jani likioshwa vizuri ni sahani pia. Maji yawe katika chungu au ndoo yenye kifuniko, na kila mtu aje na kopo lake. Boga mukilipika, mbegu zake zikaushwe na kukaangwa, na zingine ziwekwe za kupanda.

Nyama ya sikukuu iwe ya mifugo. Sokwe analindwa na sheria. Tena nyama ya pori kama hiyo inaweza kuleta magonjwa nyumbani.

Na mupike kwa kadiri ya watu. Karamu ya deni inaisha jioni, lakini deni linaamka asubuhi.

6. Shimo la sikukuu

Wengi katika inchi yetu hawana kaburi la kufagia. Tarehe 15 Julai 1871 wafanya biashara ya watumwa walipiga risasi watu waliokusanyika kwenye soko la Nyangwe. Mamia walikufa, wengi katika maji ya Lualaba. Na katika vita vya 1996 mpaka 2003 jamaa nyingi zilizika watu wao njiani na porini, wakiwa wanakimbia. Hao tuwapelekee maua wapi?

Tunatoa shauri moja. Mchana wa tarehe 1 Agosti kila jamaa ichimbe shimo kando ya nyumba, sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana. Majani yaliyokuwa sahani, maganda ya ndizi na mihogo, majivu kidogo, yote yaingie humo, na udongo juu. Musipande siku ile, kiangazi kitaua mche. Pandeni mbegu ya avoka katika kopo bovu lililotobolewa chini, mumwagilie. Mvua ikishika vizuri, takataka imegeuka mbolea; hapo muuhamishe mche katika lile shimo, na mzee wa nyumba ataje jina la yule asiye na kaburi.

Hivyo takataka za sikukuu zinakuwa chakula cha mti, na mti utawalisha wajukuu. Mwaka ujao, tarehe 1 Agosti, hata nyumba isiyo na kaburi itakuwa na mahali pa kufagia.

Maulizo

1. Juu ya nini jani la mgomba linageuka udongo na sashe haigeuki?
2. Ulizeni mzee mmoja: siku za utoto wake, watu walibebea nini chakula cha sikukuu? Andikeni vitu vitano.
3. Pigeni hesabu ya sikukuu ya kwenu: feza ngapi zilinunua vitu vya kutupa? Zingetosha nini katika vitu vya masomo?
4. Mti wa kwenu utakuwa wa nani? Ulizeni nyumbani kabla ya kuchimba.