Jinsi ya Kumweleza Asiyeona Kazi ya Sanaa

Katikati ya jiji la Dar es Salaam, katika Barabara ya Samora, inasimama Sanamu ya Askari. Ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi wale wale wa Carrier Corps ambao kikosi chao kiliipa Kariakoo jina lake. Mtu asiyeona akifikishwa hapo, mikono yake hugusa msingi tu. Askari mwenyewe yuko juu, hafikiki. Akiuliza kilichopo, huenda akajibiwa: "Ni askari ana bunduki." Jibu hilo ni la kweli, lakini halimwambii kwamba askari huyo ni wa shaba nyeusi, kwamba amepiga hatua mbele, wala kwamba singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Ameondoka na jina la sanamu, bila sanamu yenyewe.

Kueleza ni kazi ya uchunguzi, nayo ina kanuni zake kama ilivyo katika maabara.

Kwa nini maneno?

Kinyago kinaweza kushikwa, na vidole vikajifunza mengi. Picha sivyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora juu ya vibao kwa rangi za mafuta zenye kung'aa, kama zile za kupakia baiskeli. Rangi hiyo ikikauka huwa laini, na kidole kipitacho juu yake hakiwezi kutenganisha chui na nyasi. Hapo hakuna njia ila maneno.

Utaratibu

1. Muulize kwanza msikilizaji. Wengi wenye ulemavu wa macho huona kidogo: mwanga, kivuli au rangi nzito. Wengine waliwahi kuona, wengine hawakuona tangu kuzaliwa. Kila mmoja ana haja yake.

2. Anza na jumla, kisha sehemu. Jicho hupokea picha nzima kwa mara moja. Sikio hupokea neno baada ya neno. Anayetajiwa madoa kabla ya kuambiwa kwamba kuna chui hana pa kuyaweka.

3. Taja mahali bila utata. Baadhi ya maelekezo ya kigeni hushauri kutumia uso wa saa. Katika Kiswahili ushauri huo una hatari. "Saa tatu" ya Kiswahili huonyeshwa na mshale mfupi ukiwa kwenye tarakimu 9, yaani kushoto; ya Kiingereza huonyeshwa ukiwa kwenye tarakimu 3, yaani kulia. Ni salama zaidi kusema "kulia kwa mtazamaji", wala si "kulia" peke yake, kwa maana chui naye ana kulia kwake.

4. Usiziache rangi. Majina mengi ya rangi katika Kiswahili yametokana na vitu: kijani na majani, kahawia na kahawa, kijivu na majivu. Manjano na zambarau huuzwa sokoni, na asiyeona huvijua kwa harufu na ladha. Harufu haimpi mtu rangi, lakini humwezesha kujua ni vitu gani vinavyofanana kwa rangi, na ujuzi huo una thamani.

5. Tenga kilichoonekana na kilichofikiriwa. "Chui wa kutisha" ni hukumu. "Chui aliyefunua meno yote" ni taarifa. Mwelezaji anayetoa hukumu peke yake humnyima mwenzake haki ya kuamua mwenyewe kama chui huyo anatisha au anachekesha.

Mfano

Tuchukue picha ya kubuni ya mtindo wa Tingatinga. Maelezo mabaya: "Ni picha nzuri sana ya chui." Maelezo bora: "Ni kibao cha mraba, kila upande sentimita 60. Chui mmoja amejaza karibu nafasi yote. Mwili unaonekana kwa ubavu, kichwa kikiwa kulia kwa mtazamaji, lakini uso umegeuzwa kututazama. Macho ni duara mbili nyeupe. Mkia umepinda juu ya mgongo. Nyuma yake ni manjano matupu, bila mti wala mlima."

Zoezi

Mwalimu awapange wanafunzi wawili wawili. Mmoja atazame picha, mwingine ampe mgongo na kuchora anachosikia. Kisha michoro ilinganishwe na picha, na kila kosa litafutiwe sababu: je, neno lilikosekana, au lilikuja mahali pasipo pake? Inapowezekana, mtihani wa mwisho usimamiwe na mwanafunzi asiyeona. Dar es Salaam ina shule kama Uhuru Mchanganyiko, ambako wasioona husoma pamoja na wenzao. Yeye arudie picha kwa maneno yake mwenyewe. Akiweza kuuliza swali ambalo mwelezaji hakulifikiria, basi picha imemfikia.