Kabla Hujasaini: BBI ya Kenya na Karatasi Zetu za Bariadi

Desemba 2020 waratibu wa BBI nchini Kenya walipeleka kwa tume ya uchaguzi, IEBC, zaidi ya saini milioni 4 za kuunga mkono mabadiliko ya katiba. Mwezi uliofuata tume ikatangaza kwamba wapigakura waliothibitishwa ni zaidi ya milioni 1.1. Ilitosha, kwa sababu ibara ya 257 ya Katiba ya Kenya inadai saini milioni moja tu. Baada ya hapo muswada unapita kwenye mabunge ya kaunti 47. Ukikubaliwa na 24 unakwenda Bunge la taifa, na baadhi ya mambo lazima yaishie kwenye kura ya maoni.

Swali la mwanafunzi linakuja hapo kwenye "kuthibitisha". Tume ilithibitisha nini hasa? Iliangalia kama jina na namba ya kitambulisho vipo kwenye daftari la wapigakura. Saini yenyewe haikuweza kuilinganisha, kwani haina hifadhi ya sampuli za saini za wapigakura. Kwa hiyo mtu mwenye orodha ya majina na namba, iwe ya kikundi au ya ofisini, angeweza kujaza fomu na kuchorachora mbele ya kila jina. Tume ilipoweka orodha hadharani ikatoa siku chache za kulalamika, wapo Wakenya waliojikuta humo na wakasema hawajawahi kusaini chochote.

Kuna mfano wa kabla ya huo. Muungano wa upinzani, CORD, ulipeleka saini karibu milioni 1.6 za Okoa Kenya. Mwaka 2016 zilizokubaliwa zikawa 891,598, na safari ikaishia hapo. Namba kubwa kwenye mkutano wa waandishi wa habari ni kitu kimoja, na watu waliosoma wakakubali ni kitu kingine.

Sasa turudi nyumbani. Sisi wa Simiyu tuna elimu yetu ya saini, na tumeipata kwenye semina. Unaingia ukumbini, unapewa karatasi, unaandika jina, kijiji, namba ya simu, unasaini. Hakuna anayesoma kichwa cha karatasi. Wote tunajua kazi yake: mwisho wa siku itasomwa na mhasibu mwenye bahasha ya posho. Bibi wa Itilima asiyejua kuandika anawekewa wino, anabonyeza dole gumba, anapata nauli yake. Tumezoea kwamba saini ni risiti. (Na sisi wa chuo tusijifanye wajanja, siku ya kusaini boom nani anasoma maelezo ya juu?)

Mtu mwenye mazoea hayo ukimletea karatasi ya siasa, ataisaini vilevile. Mkusanyaji akija mnadani Bariadi na kusalimia "Mwangaluka mayu", akasema ni karatasi ya bei ya pamba, atajaza kurasa kabla ya saa sita. Kama analipwa kwa kila jina, anapata faida gani kusimama dakika kumi kumsomea mama mmoja vifungu vyote? Dakika hizo ni majina ishirini. Si lazima awe tapeli. Malipo yenyewe yanamfundisha kufupisha maelezo, kisha kuyapamba.

Marekani wameyaona haya kwa miaka mingi, maana karibu nusu ya majimbo yao yanaruhusu wananchi kupeleka hoja kwenye kura kwa kukusanya saini. Colorado ilipiga marufuku kuwalipa wakusanyaji. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya nchi ikaifuta marufuku hiyo, ikisema inabana uhuru wa kujieleza. Oregon ikatafuta njia nyingine: tangu 2002 mkusanyaji anaweza kulipwa, ila si kwa idadi ya saini. Naona Oregon waligusa penyewe.

Michigan ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka 2006 hoja iliyobeba jina la "haki za raia" ilikuwa ya kuondoa upendeleo wa rangi na jinsia katika kudahili wanafunzi wa vyuo vya umma na katika ajira za serikali. Wengi walisaini wakiambiwa ni ya kuulinda upendeleo huo. Jaji alikiri kwamba watu walidanganywa, lakini akasema sheria iliyotumika kushtaki haikuvunjwa, kwa kuwa waliodanganywa walikuwa wa rangi zote! Hoja ikaenda kwenye kura na ikapita.

Unaweza kusema, hayo ya Marekani na Kenya yanatuhusu nini? Kwetu wananchi hawana njia ya kukusanya saini ili kulazimisha kura ya maoni. Katiba ya 1977 hubadilishwa bungeni, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa. Ni kweli. Lakini mgombea urais anatakiwa kupata wadhamini 200 waliojiandikisha kupiga kura, katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua 10, miwili ikiwa ya Zanzibar. Chama kinachotaka usajili wa kudumu nacho kinahitaji wanachama 200 kwa kila mkoa kwa mtindo huohuo. Karatasi hizo zinafika Bariadi, Maswa na Mwanhuzi.

Huko Kenya BBI iliangushwa na mahakama tatu, ya mwisho ikiwa Mahakama ya Juu, Machi 31, 2022: Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi. Tazama ilipita wapi kabla ya hapo: saini milioni, kisha mabunge zaidi ya 40 ya kaunti. Vichujio vya namba vyote viliiruhusu.

Kwa wenzangu wa ualimu mnaokwenda TP na kipindi cha Uraia, jaribuni zoezi hili. Andika karatasi yenye kichwa "Maombi ya Kuboresha Chakula cha Mchana", na mstari wa nne useme shule isitishe chakula na kila mtu aje na chake. Chagua wakusanyaji wawili. Mmoja mwahidi pipi moja kwa kila saini, mwingine pipi tano hata akirudi na saini mbili. Wape dakika kumi, kisha muulize kila aliyesaini aliambiwa nini. Mstari wa nne usomwe kwa sauti mwishoni kabisa. Nunua pipi za kutosha, na zichane karatasi mbele yao kabla kengele haijalia.