Kupasha Joto Maji ya Samaki wa Nyumbani: Mfano wa Suji

Suji iko katika milima ya Upare ya Kusini, wilayani Same, juu ya tambarare ya Makanya. Kwa wastani, hewa hupungua joto kwa nyuzi 0.6 za Sentigredi kwa kila mita 100 za mwinuko. Kwa hiyo perege aliyetolewa mto Pangani na kuwekwa katika tangi la kioo huko mlimani hukutana na baridi asiyoizoea.

Joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji. Perege hustawi katika nyuzi 25 hadi 30. Chini ya nyuzi 20 hivi huacha kuzaa; maji yakikaribia nyuzi 16 hamu ya kula hupotea; yakishuka hadi nyuzi 10 hivi, hufa. Ndiyo sababu hita ya umeme huhitajika, hasa kati ya Juni na Agosti. Lakini iwe ya wati ngapi?

Jibu hupatikana kwa jaribio jepesi. Usiku wa baridi, kabla ya kutia samaki, tangi lijazwe maji ya nyuzi 25, na baada ya saa moja kipimajoto kisomwe. Kupasha lita moja ya maji kwa nyuzi 1 huhitaji jouli 4,186 hivi. Basi tangi la lita 40 lililopoa kwa nyuzi 1 limepoteza jouli 167,000 hivi kwa saa, yaani wati 47. Kanuni yake ni hii: zidisha idadi ya lita kwa nyuzi zilizopungua kwa saa, kisha kwa 1.16.

Kwa tangi hilo, hita ya wati 50 ingetosha kwa shida. Ya wati 75 ingekuwa na akiba. Hita ya wati 300 ni ya kuepukwa: themostati ikikwama bila kuzima, maji yataongezeka nyuzi 1 kwa kila dakika 9 hivi. Tena, maji yanapozidi joto hushika oksijeni kidogo, wakati ule ule samaki anapoihitaji zaidi.

Yafaa kwanza kupunguza upotevu. Joto jingi hutoka juu ya maji kwa njia ya mvuke. Kifuniko cha kioo chenye nafasi ya hewa, pamoja na mbao ubavuni, husaidia sana. Kisha jaribio lirudiwe.

Hita ichomolewe kwenye umeme kabla ya kutia mkono majini au kupunguza maji. Umeme ukikatika, tangi lizungushiwe blanketi, na chupa iliyofungwa yenye maji ya moto ielezwe ndani. Shabaha ni joto lisiloyumba, kwani badiliko la ghafla humdhuru samaki kama baridi yenyewe.